Deni lipi lilipwe kwanza?

Wengi wetu tuliondoka nyumbani na madeni manne matano mgongoni, na mshahara wa kwanza ukiingia kila mtu anapiga simu. Anayepiga kelele zaidi ndiye analipwa. Hapo ndipo pesa zinapotea.

Tuchukue mfano wa dada anayefanya kazi za nyumbani Saudia, mshahara riyali 1,000. Kwao Kenya anadaiwa dukani shilingi 6,000, shangazi 30,000, mkopeshaji wa mtaani 40,000 kwa riba ya asilimia 10 kila mwezi, na sacco 90,000 kwa asilimia 1 kwa mwezi. Duka na shangazi hawatozi riba. Kila mwezi anaweza kutoa 18,000. Sacco inachukua 4,000 zake, hazina mjadala. Zinabaki 14,000.

Njia ya kwanza ni kuanza na deni dogo kupanda juu. Mwezi wa kwanza duka limeisha, wa nne shangazi naye ameisha, na moyo unapata nguvu. Lakini miezi yote hiyo mkopeshaji anakula 4,000 za riba tu. Akimalizwa mwezi wa nane atakuwa amekula riba ya kama 23,700.

Njia ya pili ni kuanza na riba kubwa. Zile 14,000 zote ziende kwa mkopeshaji. Mwezi wa nne amekwisha, riba yake yote ni 9,590. Tofauti ni zaidi ya shilingi 14,000. Kwa mshahara ule, hizo ni siku kumi na mbili za kufua na kupiga pasi.

Kwa hesabu tupu, njia ya pili inashinda. Sisi tungebadilisha kitu kimoja tu: kama watoto wako wanachukua unga kwenye duka hilo, lilipe mwezi wa kwanza, halafu urudi kwa mkopeshaji. Itakugharimu kama 2,100 zaidi, na watoto hawatarudishwa na sahani tupu. Na kama mkopeshaji ameshika hati ya shamba la mama, basi usiulize tena nani atangulie baada ya duka.

Pesa za mkopeshaji usimpitishie kaka. (Tunawapenda kaka zetu, lakini tunawajua.) Mtumie mkopeshaji moja kwa moja, mwambie akuandikie salio kila mwezi, na uweke ujumbe huo kwenye simu. Usikope kwenye simu ili umlipe; hilo ni deni la tano.

Anayebaki ni shangazi. Kwa mpango huu atapata pesa yake yote mwezi wa saba, si wa nne. Mpigie mapema, kabla hajasikia kwa watu kwamba duka limelipwa na yeye bado. Mtajie mwezi wenyewe.