Mkono Uliokunjwa na Kovu la Moto

Katika majiko ya Kisumu na vijiji vya wavuvi kandoni mwa Ziwa Viktoria, uji wa moto na koroboi huwaunguza watoto. Jeraha hupona, lakini kovu hunywea, likakikunja kiwiko hata mtoto asiweze kuunyoosha mkono kwa udhu. Wapo wazazi wasemao ni kadari, wakanyamaza. Ilhali mkono huo hukunjuka! Mpasuaji hulikata kovu, kisha huhamishia pengoni ngozi ya jirani pamoja na mafuta na mishipa yake ya damu; ngozi hiyo hainywei upesi kama ile nyembamba ya kubandikwa. Elimu hii si ngeni kwetu: AMREF iliasisiwa 1957 na wapasuaji watatu wa fani hiyohiyo, akiwamo Michael Wood wa Nairobi. Aliyeko Kisumu aanzie Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, wenyeji waiitayo Russia. Na jeraha likiwa bado bichi, amwombe tabibu akifunge kiwiko banzi kikiwa kimenyooka.