Maji Yakipungua, Punguza Jasho



Wengi wetu tuliohamia mashamba ya skimu tulizaliwa juu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, ambako mtoto akitumwa maji hurudi upesi. Huku chini, upande wa Mbeere na Tharaka, mambo ni mengine. Mvua za Machi zikishakwisha mwezi wa Mei, vijito vingi hukauka, wala hatutazamii mvua tena mpaka Oktoba. Halafu huja Januari na Februari, na jua lake kali. Basi yafaa kila mkulima ajue namna ya kuutunza mwili wake wakati maji ni machache.

Mwezi wa Februari mmoja mzee alikuja ofisini kwetu kuuliza habari za mbegu. Alikuwa ametembea tangu asubuhi bila kunywa kitu. Kabla hajamaliza maneno yake alishika meza, akaanguka. Tulimlaza kivulini, tukamlowesha nguo, na alipopata fahamu tukampa maji kidogo kidogo. Ndipo akatuambia ya kwamba nyumbani ulibaki mtungi mmoja tu, naye aliwaachia wajukuu. Moyo wake ulikuwa mwema, lakini hesabu yake ilikuwa mbaya. Je, mzee akifa njiani, wajukuu watapata faida gani?

Hesabu yenyewe ni hii. Zaidi ya nusu ya uzito wa mwili wa mtu ni maji. Bila chakula mtu aweza kuishi majuma kadhaa, lakini bila maji siku zake ni kama tatu tu, na juani huwa chache zaidi. Mtu anayelima katika jua kali aweza kutoa jasho la lita 1 kwa saa moja. Jasho hilo lina kazi: hupoza mwili, kama vile mtungi wa udongo unavyopoza maji yaliyomo kwa unyevu wake wa nje. Kwa hiyo usidhani ya kwamba utauzoeza mwili wako kukaa bila kunywa. Hauzoei.

Basi, maji yakiwa machache, usijinyime kunywa huku ukiendelea kulima mchana. Kunywa unaposikia kiu, na upunguze jasho lako. Fanya hivi:

1. Lima alfajiri mpaka saa tatu, kisha rudi shambani saa kumi jioni. Safari ya kwenda kuteka maji nayo iwe asubuhi na mapema.

2. Vaa kofia pana na shati la mikono mirefu. Mtu anayevua shati juani hupoteza maji mengi zaidi.

3. Maji safi ya kwanza yawe ya kinywa. Maji uliyooshea mboga yatafaa kumwagilia miche, na ya kunawia yatafaa kusafishia choo.

4. Pika uji mwepesi, na kula maembe, mapapai na matikitimaji, kwa maana yana maji ndani yake. Acha vyakula vikavu vya chumvi nyingi.

5. Acha pombe, kwa sababu hukojoza maji ya mwili. Miraa nayo hukausha kinywa na kukusahaulisha uchovu, hata usijue ya kuwa mwili unakuonya. Kokoto mdomoni huleta mate tu, haliongezi hata tone moja. Na mkojo usinywe kamwe.

Utajuaje kama mwili umepungukiwa? Tazama mkojo. Ukiwa wa rangi hafifu, hali ni njema. Ukiwa mchache na wa rangi ya chai, kunywa na upumzike. Kichwa kikiuma na macho yakiona kizunguzungu, acha jembe mara moja. Mtu akianza kusema maneno yasiyoeleweka, mpeleke kivulini, mloweshe, mpepee, na apelekwe hospitali upesi. Asiye na fahamu asitiwe maji kinywani.

Hatari kubwa ni ya watoto, hasa wakiharisha. Mtoto mwenye macho yaliyobonyea, anayelia bila machozi, au ambaye ngozi ya tumbo lake ikifinywa hairudi upesi, amepungukiwa sana. Mpeleke zahanati. Wakati wa kungoja, mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti. Usipokuwa na pakiti, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa, ukoroge. Usizidishe chumvi. Mnyweshe kidogo kidogo. Mama asiache kunyonyesha, na mtoto asiyetimiza miezi 6 maziwa ya mama humtosha hata wakati wa joto.

Kiu isikufanye unywe maji yoyote. Maji ya mifereji, kama ile ya mashamba ya mpunga ya Mwea, yana kichocho. Ukichimba kisima katika mchanga wa mto uliokauka, chota na kumwaga maji ya kwanza, zungushia miiba ili mifugo isiingie, na yale ya kunywa uyachemshe mpaka yatokote. Kama kuni ni shida, jaza maji maangavu katika chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, uilaze juani saa 6. Kukiwa na mawingu, siku 2.

Mwisho, akiba haiozi. Bati la urefu wa mita 8 na upana wa mita 5, mvua ya milimita 10 ikinyesha, huteremsha lita 400, yaani mitungi 20 ya lita 20. Hata kama nyingine zitamwagika, ni maji mengi. Je, mvua iliyopita, za kwako zilikwenda wapi? Tengeneza mfereji wa bati na tangi lenye kifuniko kabla ya Oktoba. Maji ya kwanza yaoshe vumbi la paa na yaachwe yapite, yanayofuata yahifadhi.

Shamba laweza kungoja jioni. Mwili hauwezi kungoja maji.