Kwa Nini Twapenda Kutishwa?

Wapendwa wasomaji, mwezi huu tunaweka kando malaria na kuhara, tuzungumze juu ya woga, hasa ule ambao mtu huutafuta mwenyewe.

Mama mmoja alituletea mtoto wake wa kiume wa miaka tisa. Kwa wiki mbili mtoto alikuwa akiamka usiku akipiga kelele, tena alikuwa ameanza upya kukojoa kitandani. Nyumbani yalikwisha kusemwa mengi: wengine walisema malaria, wengine mkono wa mtu. Tulimpima damu na mkojo, vyote vikawa safi. Tulipokaa naye pembeni akatueleza kwamba aliangalia filamu na kaka zake kwenye simu. Akasema kwa sauti ndogo, "Yule mtu hakufa."

Filamu hiyo yaitwa Halloween, nayo ilitoka Marekani mwaka 1978. Jina lake ni la usiku wa tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, ambapo watoto wa huko huvaa vinyago na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende. Katika hadithi, mtoto wa miaka sita anamwua dada yake usiku huo mwaka 1963. Anawekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Baada ya miaka 15 anatoroka na kurudi mjini kwao, huvaa kinyago cheupe na kuwawinda wasichana wanaobaki nyumbani kulea watoto wa majirani.

Mbona watu wengi waliipenda?

Haikupendwa kwa sababu ya fedha zilizotumika. Mwongozaji wake, John Carpenter, alikuwa na dola 300,000 na ushei tu, kiasi kidogo sana kwa filamu ya Marekani. Kinyago kilikuwa cha dukani, kikapakwa rangi nyeupe. Majani makavu yaliyotakiwa barabarani yalipakwa rangi, yakamwagwa, kisha yakakusanywa yatumike tena. Muziki aliutunga mwenyewe. Hata hivyo filamu iliingiza makumi ya mamilioni ya dola.

Wala haina damu nyingi, kinyume cha wengi wanavyodhani. Kinachotisha ni kungoja. Mtazamaji anamwona mwuaji amesimama kando ya ua, mchana kweupe, katika mtaa wa kawaida wa familia, lakini msichana hamwoni. Tunatamani kumpigia kelele, "Geuka!" Msichana huyo, aliyeigizwa na Jamie Lee Curtis katika filamu yake ya kwanza, ni mpole lakini anapigana kuwalinda watoto aliokabidhiwa. Ndiyo maana mtazamaji anakuwa upande wake.

Mwilini kunatokea nini?

Tunapoona hatari, ubongo hupeleka habari upesi hata kabla hatujafikiri. Tezi zilizo juu ya figo hutoa homoni ya adrenalini. Moyo huenda mbio, pumzi huharakisha, mboni za macho hupanuka, kinywa hukauka, na damu huelekezwa kwenye misuli tuweze kukimbia au kupigana. Mungu ametuwekea ulinzi huo.

Mtu mzima akiangalia filamu, mwili wake hushtuka, lakini akili inajua kwamba amekaa salama kitini. Hatari ikipita hupata nafuu na raha, naye hucheka pamoja na wenzake. Raha hiyo ndiyo inayomrudisha kuangalia tena. Si dalili ya ugonjwa wala ya roho mbaya. Hata sisi tulipokuwa wadogo tulimwomba bibi atusimulie habari za mazimwi, huku tukijificha nyuma ya kanga yake.

Lakini kuna tofauti. Bibi alituangalia nyuso, na akiona tumezidiwa alipunguza ukali. Tena mwishoni zimwi lilikufa, watu wakarudi nyumbani. Katika filamu hii mwuaji anapigwa risasi sita, anaanguka kutoka ghorofani, na daktari anapochungulia chini, hayupo tena. Kwa mtu mzima huo ni ufundi wa msimulizi. Kwa mtoto mdogo, ambaye bado hajaweza kutenganisha vizuri mambo ya kubuni na ya kweli, maana yake ni kwamba yule mtu yuko nje ya dirisha.

Jambo lililotuumiza zaidi

Mama alitueleza pia kwamba mtoto amekataa kumsalimia mjomba wake. Mjomba huyo ana ugonjwa wa akili, naye huja kliniki kila mwezi kuchomwa sindano. Hajapata kumdhuru mtu. Sasa wapwa zake walikuwa wakimkimbia, naye alikuwa amekosa kliniki miezi miwili kwa aibu.

Wapendwa, hapa filamu inadanganya. Walio wengi kati ya wagonjwa wa akili si watu wa kuua. Mara nyingi wao ndio wanaopigwa, wanaofungwa kamba na kutupiwa mawe. Mgonjwa anayetumia dawa zake na kupendwa na jamaa zake anaweza kulima, kufanya kazi na kusali pamoja nasi.

Wazazi tufanye nini?

1. Tujue watoto wanaangalia nini, hasa kwenye simu za kaka na dada zao.
2. Filamu za namna hii zisiwe za watoto wadogo, wala zisiangaliwe karibu na saa za kulala.
3. Mtoto aliyeogopa asichekwe, na akikojoa kitandani asipigwe. Tumsikilize aeleze alichoona, tumwonyeshe kwamba ni waigizaji, kinyago na rangi. Taa ndogo na mtu wa kulala karibu naye humsaidia.
4. Hali ikiendelea, au mtoto akikakamaa mwili au kupoteza fahamu usiku, aletwe hospitali upesi, kwani huenda ni kifafa.

Yule mtoto tulimweleza habari za kinyago cha dukani na majani ya kupakwa rangi. Akauliza, "Kwa hiyo alilipwa?" Tukamjibu kwamba ndiyo, alilipwa, akaenda nyumbani kwake. Akacheka. Mwezi uliofuata mjomba alikuja kuchomwa sindano yake, na aliyemshika mkono njiani alikuwa mtoto huyohuyo.

Mkesha wa Watakatifu Wote ni wetu tangu zamani. Tarehe 2 Novemba tuwachukue watoto tukasafishe makaburi ya wazee wetu na kuwaombea, wajue kwamba marehemu wetu si wa kuogopwa.