Mzigo wa ndovu usiachiwe mkulima peke yake

Mwaka 1989 Rais Daniel arap Moi alipozitia moto tani 12 za pembe za ndovu katika mbuga ya Nairobi, walimwengu walistaajabu. Mwaka 2016 Rais Uhuru Kenyatta aliteketeza tani 105 katika mbuga iyo hiyo, nasi tukasifiwa tena. Sifa hizo tulizistahili. Ndovu wetu, ambao majangili walikuwa wamewapunguza hadi chini ya 20,000 kufikia mwisho wa miaka ya themanini, walianza kuongezeka. Hesabu ya mwaka 2021 ilipata 36,280.

Nayasema haya mapema ili msomaji asinidhanie kuwa adui wa ndovu. Ninalouliza ni jambo dogo tu: ndovu hao wanakula wapi, na ni nani anayewalisha?

Ndovu mzima aweza kula kilo 150 za majani na magome kwa siku moja, na kunywa maji zaidi ya lita 100. Mbuga za Tsavo, zilizoanza kuhifadhiwa mwaka 1948, zina eneo la zaidi ya kilomita mraba 20,000, lakini hata ukubwa huo haumtoshi kiangazi kinapokaza. Katika ukame wa mwaka 2022, ndovu 205 walikufa nchini kati ya Februari na Oktoba. Mnyama anayeona wenzake wakianguka kwa njaa hawezi kuusubiri mvua mahali palipokauka. Hutoka. Naye wa kwanza kukutana naye ni mkulima wa Taita Taveta, kaunti ambayo zaidi ya nusu ya ardhi yake imo ndani ya mbuga.

Ndovu haji shambani wakati wa kulima wala wa kupalilia. Huja mahindi yanapokomaa, usiku, naye akiwa na jamaa zake. Mwenye shamba hulala nje akipiga madebe na kuwasha mioto, na kulipopambazuka hukuta kazi ya miezi minne imekwisha kwa saa mbili. Matangi ya maji huvunjwa. Watoto huchelewa shuleni kwa kuwa hawawezi kupita njiani kabla jua halijapanda. Wahenga walisema ndovu hashindwi na mkonga wake. Ni kweli, lakini hawakutuambia ni nani wa kumbeba ndovu mwenyewe.

Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ilikusudia kuliondoa tatizo hili. Iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa jamaa za aliyeuawa na mnyama, na milioni 3 kwa aliyelemazwa, na ikakubali kwamba mimea na mifugo pia ilipwe. Hayo yalikuwa maendeleo makubwa, maana kuna wakati ambapo roho ya Mkenya aliyeuawa na ndovu ilithaminiwa kwa shilingi 30,000, fedha zisizotosha hata matanga. Kasoro haimo katika maandishi ya sheria. Dai hutoka kijijini, likaenda kwa maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, likapita kwenye kamati ya kaunti, kisha likapanda Nairobi. Huko hukaa. Wapo wajane waliongoja kwa miaka, na malimbikizo ya madai nchini yaliwahi kufika mabilioni ya shilingi.

Sheria iyo hiyo, ilipopitishwa, ilimwekea mwenye kuua mnyama aliye hatarini faini isiyopungua shilingi milioni 20, au kifungo cha maisha. Sipingi adhabu hiyo. Lakini wanakijiji wanajua hesabu, nao hulinganisha milioni 20 na milioni 5, hasa ikiwa hizo 5 zenyewe hazijaonekana.

Wako wanaosema kwamba mkulima ndiye aliyevamia makao ya ndovu. Wana sehemu ya ukweli. Ranchi zimekatwa vipande, nyua zimejengwa katika mapito ya wanyama, na reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 imekata katikati ya Tsavo, ingawa yako madaraja ya wanyama kupita chini yake. Hata hivyo, Wataita hawakuja jana. Walilima kandokando ya milima ya Sagalla na Kasigau kabla mtu yeyote hajachora mpaka wa mbuga. Aliyeuchora mpaka hakuwauliza.

Huko huko Sagalla kuna jambo la kutia moyo. Mtafiti Lucy King na wakulima wa pale wamekuwa wakizungushia mashamba waya wenye mizinga ya nyuki. Ndovu akiusukuma waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye hukimbia, maana huogopa sana kuumwa ndani ya mkonga na pembeni mwa macho. Mkulima hubaki na mahindi, tena huuza asali. Lakini ukame ukizidi, nyuki nao huhama, na huo ndio wakati ndovu huja kwa wingi. Mzinga hauwezi kushika nafasi ya fidia.

Wakubwa wa Nairobi wanapaswa kukumbuka jambo moja. Jangili anapoingia kijijini, wa kwanza kumwona si askari wa mbuga. Ni yule mzee aliyelala nje akilinda kunde zake. Mzee huyo akilipwa haki yake, atatuma habari kabla hapajakucha. Akizungushwa ofisini miaka mitano, atajifanya hakuona kitu, na huenda hata akamwonyesha jangili njia.

Kwa hivyo natoa ombi. Sehemu ya ada zinazolipwa na watalii kwenye malango ya Tsavo itengwe kwa fidia za majirani wa mbuga, na kila dai liwekewe muda wa mwisho wa kulipwa. Pia orodha ya madai yote ibandikwe katika ofisi ya kila chifu, ili mjane wa Mwatate au wa Voi aweze kusoma mwenyewe jina la mumewe limefika wapi.