Juma Moja Kando ya Lufira

Wazee wetu walituachia mithali mbili juu ya mgeni, nazo zaonekana kupingana. Ya kwanza yasema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili yasema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ile ya kwanza humpokea mgeni kwa furaha, kwa kuwa ajapo chungu hupikwa vizuri na nyumba nzima hufaidi. Ya pili humkumbusha kwamba chungu hicho kina mwisho wake. Jamaa itakayo kuwatembelea ndugu kwa siku saba hapana budi izishike zote mbili pamoja. Maana siku saba huzidi mbili kwa tano, na katika hizo tano ndipo upendo hujaribiwa.

Twaandika haya kwa ajili ya jamaa za Likasi na Lubumbashi. Kila mwaka, shule zifungapo mwezi wa Julai, jamaa nyingi huanza kuzungumza habari za safari: twende Kapolowe kwa mjomba, twende Mwadingusha kwa bibi, twende Koni tukaone maji yanayotupa taa. Ni mawazo mema. Watoto waliokulia mjini wapaswa kuwajua wazee wao na nchi iliyowalea. Lakini safari isiyopangwa huwarudisha wageni na vumbi tu, na kumwachia mwenyeji ghala tupu.

Ziwa lililofanywa kwa mikono ya watu

Yafaa kwanza kujua tunakokwenda. Ziwa Tshangalele, ambalo wengine huliita ziwa la Lufira, halikuwako tangu kale. Mto Lufira ulizuiwa kwa ukuta mkubwa pale Mwadingusha, na maji yakarudi nyuma, yakatandaa juu ya nchi tambarare hata kufika upande wa Kapolowe. Kituo cha umeme cha Mwadingusha kilianza kazi mwaka 1930. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1950, cha pili kilianza kazi Koni, kilometa chache mbele, mto uteremkako. Hivyo maji yale yale hufanya kazi mara mbili: yakiisha kuzungusha mitambo ya Mwadingusha, huteremka kuzungusha ile ya Koni, kisha huendelea na safari yao kaskazini mpaka kuungana na Lualaba.

Zamani za ukoloni Mwadingusha iliitwa Francqui, na Koni iliitwa Bia, kwa majina ya maofisa wawili Wabelgiji waliofika Katanga kati ya miaka 1891 na 1893. Pamoja nao alikuwako Jules Cornet, mtaalamu wa mawe, aliyeandika habari za shaba ya nchi hii. Hata ziwa lenyewe lilifanywa kwa ajili ya shaba. Kiwanda cha Shituru, pale Likasi, kilichoanza mwaka 1929, husafisha shaba kwa nguvu ya umeme, na umeme huo ulihitaji maji ya Lufira. Mwaka 2021 mitambo ya Mwadingusha iliyofanywa upya ilirudi kazini, yenye nguvu ya megawati 78, na migodi mikubwa ya siku hizi ingali ikiihitaji.

Baba na mama, waelezeni watoto habari hizi kabla ya kuondoka. Na mkiisha kufika, waonyesheni jambo jingine: nyaya kubwa za umeme hupita juu ya vijiji ambamo jioni huwashwa koroboi. Katika nchi yetu nzima, ni kama mtu mmoja tu kati ya watano aliye na umeme nyumbani. Mtoto wa mjini anayelalamika taa zikizimika kwa saa mbili, na alale usiku mmoja katika nyumba isiyopata taa kamwe, ingawa maji yaliyo mbele yake ndiyo yanayoangaza mji. Somo hilo halihitaji maneno mengi.

Mji mmoja wa mbali

Katika nchi ya Nepal, chini ya milima ya Himalaya, kuna mji uitwao Pokhara, kando ya ziwa Phewa. Wasafiri wa mataifa mengi huenda kukaa huko juma moja, wakipanda mashua na kuutazama mlima Machapuchare, wenye urefu wa mita 6,993. Ziwa hilo nalo lina ukuta wa kuzuia maji, na maji yake hunywesha mashamba na kutoa umeme kidogo. Lina taabu yake pia: udongo unaochukuliwa na mvua kutoka vilimani umelipunguza sana. Na ule mlima mzuri watu hawaupandi, maana wenyeji wauhesabu kuwa mtakatifu; wageni huutazama kwa mbali na kuuheshimu.

Tumetaja mji huo kwa sababu moja. Mgeni wa Pokhara hulipa: humlipa mwenye nyumba, mpika chakula na mpiga makasia, na kwa fedha hizo wenyeji husomesha watoto wao. Lakini mgeni wa Kapolowe au wa Koni ni ndugu, na ndugu haombwi fedha. Mjomba hatakuandikia hesabu ya kuku aliowachinja. Shangazi hatakuambia kwamba unga uliopikwa kwa siku saba ulikuwa wa mwezi mzima. Kwa kuwa yeye hatasema, yakupasa wewe kufanya hesabu hiyo kabla hujatoka nyumbani kwako.

Hesabu kabla ya safari

Basi, mume na mke wakae pamoja jioni moja, mwezi mzima kabla ya safari, na waandike mambo manne.

La kwanza ni majira. Mvua za Katanga huanza kwa kawaida mwezi wa Novemba na kuendelea hata Machi au Aprili. Barabara kuu ya Likasi na Lubumbashi ina lami, lakini ukiiacha na kuelekea ziwani waingia katika njia za udongo, na wakati wa mvua gari laweza kulala matopeni. Tena, katika miezi ya mvua uvuvi hufungwa kwa muda ili samaki wazae. Wakati huo wavuvi wana njaa, na mgeni ni mzigo mara mbili. Mwezi wa Agosti ni mwema: njia ni kavu, watoto hawana shule, na baridi kali ya Juni na Julai imepungua. Hata hivyo, chukueni mablanketi, kwa maana usiku wa uwanda huu wa juu hauna huruma.

La pili ni mahali. Chagueni kituo kimoja. Ramani huwadanganya wengi, wakadhani kwamba katika siku saba wataona Kapolowe, Koni, Bunkeya, kisha wapande Kundelungu kuyatazama maporomoko ya Lofoi, yanayoanguka zaidi ya mita 300. Anayekimbilia yote haoni hata moja. Lofoi haitahama; itawangoja mwaka mwingine.

La tatu ni chakula. Pimeni unga mnaokula nyumbani kwa juma moja, mwuongeze kidogo, mwuchukue wote. Ongezeni mafuta, chumvi, sukari, sabuni na dawa. Mkifika, mama amkabidhi mwenye nyumba vitu hivyo kwa siri, jikoni, si uani mbele ya majirani. Kwa maana zawadi itolewayo kwa majivuno humwaibisha apokeaye.

La nne ni habari. Pelekeni habari mapema, kwa barua au kwa simu, mkitaja idadi yenu na siku ya kurudi. Wengi husahau kutaja siku ya kurudi, na mwenyeji hawezi kuuliza.

Siku saba

Tuseme jamaa imefika siku ya Jumatatu. Jumanne iwe siku ya wazee. Watoto wakae chini na kusikiliza asili ya ukoo wao. Katika bonde hili wamo Wasanga, Walamba na wengine wengi waliovutwa na samaki. Na muda mrefu kabla ya migodi, chumvi ya Mwashya ilichukuliwa kutoka bonde la Lufira kwenda kuuzwa mbali. Wazee wana mengi ya kusimulia, ila hawayasimulii kwa mtu mwenye haraka.

Jumatano ni siku ya tatu. Ndiyo siku ya jembe. Msingoje kupewa, ombeni wenyewe. Baba na wavulana wakate kuni, watengeneze paa au uzio; mama na wasichana wasaidie kumwagilia mboga na kuteka maji. Kazi ya siku moja iliyofanywa kwa moyo humfariji mwenyeji kuliko maneno ya shukrani ya juma zima.

Alhamisi, amkeni alfajiri mwende kuwatazama wavuvi wakirudi na tilapia na kambale. Nunueni samaki kwao kwa bei ya haki, wala msiwasumbue kwa kupunguza. Mkitaka kupanda mtumbwi, pandeni asubuhi pamoja na mvuvi aujuaye upepo. Mtumbwi usijazwe watu, na mtoto asipande bila koti la kuokolea. Mvuvi akisema, “Leo sitoki,” neno lake ndilo la mwisho.

Ijumaa, kama mnakaa upande wa Mwadingusha, tembeeni kuelekea Koni. Vituo vya umeme ni mali ya serikali na hulindwa. Baba aombe ruhusa kwanza, wala asipige picha pasipo kuruhusiwa. Akikatazwa, na ashukuru na kupita. Si lazima kuingia ndani. Mtoto akiuona mto na kusikia kwamba kwa nguvu yake mashine hufanya kazi mjini, ameona mengi.

Jumamosi msipange neno lolote. Watoto wacheze na ndugu zao. Wenye macho makali wawatafute ndege penye matete, maana huko yuko kwera mmoja mdogo ambaye hajulikani kuishi penginepo ila katika bonde la Lufira. Ruwet, Mbelgiji, alimpata mwaka 1960, na mwaka 1982 wataalamu wakampa ndege huyo jina la Ruwet. Wenyeji bila shaka walikuwa wakimwona siku zote.

Dominika ni Misa takatifu. Wamonaki Wabenedikto walifika Katanga tangu mwaka 1910, na kazi ya injili waliyoianza imeenea vijijini kote. Ulizeni mapema kwa katekista mahali na saa ya ibada. Padre asipoweza kufika, salini pamoja na kijiji chini ya uongozi wa katekista, wala msijione kuwa wakubwa kuliko kanisa lao dogo la majani. Jumatatu alfajiri, rudini, kama mlivyosema.

Afya ya watoto

Maji ya ziwa yapendeza macho, lakini si yote yaliyo salama. Penye maji yaliyotulia na majani mengi hukaa konokono wenye kueneza kichocho. Watoto wasiogelee humo. Maji ya kunywa yachemshwe, maana kipindupindu hutokea mara kwa mara katika sehemu za maziwa ya jimbo letu. Vyandarua visisahauliwe.

Kuna jambo jingine la kuhuzunisha. Mito ipitayo karibu na viwanda vya Likasi humiminika upande wa Lufira, na wataalamu waliopima samaki wa ziwa hili katika miaka ya karibuni wamekuta ndani yao madini ya shaba na kobalti. Hatusemi kwamba samaki wasiliwe, kwa maana ndio maisha ya maelfu ya watu. Ila matumbo, maini na matamvua ya samaki yatupwe, kwa sababu huko madini hukusanyika zaidi. Na watoto wadogo wapewe pia maharagwe, mayai na sombe pamoja na bukari, wasile samaki kila siku. Wala msimwambie shangazi kwamba chakula chake ni kibaya. Yeye hakuyachafua maji hayo. Ninyi mtakula kwa juma moja. Yeye atakula maisha yake yote. Mkirudi mjini, ambako wapo wenye viwanda na wenye mamlaka, huko ndiko mahali pa kulisema neno hilo.

Chungu kisichopunguka

Katika Maandiko Matakatifu twasoma habari ya nabii Elia, aliyeingia nyumbani kwa mjane wa Sarepta wakati wa njaa. Mjane alikuwa na konzi moja tu ya unga na mafuta kidogo, naye akampa mgeni kwanza. Tangu siku ile unga haukwisha chunguni. Mara nyingi twaisoma habari hiyo tukimsifu mwenyeji kwa ukarimu wake, na ndivyo ipasavyo. Lakini na tumtazame mgeni pia: alikaa siku nyingi katika nyumba ya maskini, na nyumba haikuwa maskini zaidi kwa sababu yake.

Sisi hatuna uwezo wa nabii wa kuuzidisha unga. Twaweza kuununua sokoni Likasi, kuufunga vizuri na kuupakia garini.