Mbwa Anayelala Zizini

Mbwa wetu wengi hulinda nyumba huku fisi akimaliza mbuzi.

Kule Kangal, mkoa wa Sivas nchini Uturuki, kuna mbwa mkubwa wa rangi ya mchanga, uso mweusi. Yeye haswagi kondoo. Hukaa katikati yao na kumzuia mbwa-mwitu. Siri ni malezi: tangu mdogo hulala na kondoo, akawaona ndugu zake. Kuanzia 1994 wafugaji wa Namibia wamepewa mbwa wa jamii hiyo, mifugo ipone bila kuua duma.

Je, tuagize Uturuki? Hapana. Botswana wanatumia mbwa wa kienyeji. Basi nasi tumchukue mtoto wa mbwa, tumlaze na mbuzi, tumlishe, na tumchanje kichaa cha mbwa kila mwaka.