Deni la 40,000 lililotumeza kuliko la 146,000

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Nyumbani kwetu matanga hayo yalidumu miezi 14. Kila tarehe 5 mume wangu alikuwa akimpelekea shailoki shilingi 8,000, na kila tarehe 6 tulikuwa bado tunadaiwa zile zile 40,000. Nilipokuja kupiga hesabu, niliona tumeshamlipa mtu yule 112,000 kwa deni la 40,000 ambalo halikuwa limepungua hata shilingi moja.

Naandika haya kwa sababu najua hatuko peke yetu. Hapa Pwani nyumba nyingi zinaamka na deni na kulala na deni, na watu huona aibu kulisema. Sisi tulilisema, tukalipangia, na sehemu kubwa tumelilipa huku watoto wanakula na kwenda shule.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori la makontena kati ya bandari ya Mombasa na Nairobi. Mwaka 2019 serikali ilipoamuru makontena ya Nairobi yasafirishwe kwa reli ya SGR, safari zikaanza kupungua. Mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona, na kazi ikaisha kabisa. Akachukua tuktuk ya mtu. Akishampelekea mwenyewe hesabu yake na kutoa mafuta, hubakiwa na kama 700 kwa siku. Mimi nilikuwa nikipika mahamri na mbaazi asubuhi, faida 400. Kwa siku 26 za kazi, jumla ilikuwa 28,600 kwa mwezi.

Novemba 2020 mama mkwe akalazwa. Tulikuwa na kiwanja kidogo Kaloleni, lakini hakina hati miliki, kama vilivyo viwanja vingi vya watu wa huku. Benki haikipokei kuwa dhamana. Shailoki alikipokea: akachukua karatasi zetu za mauziano, akatupa 40,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi.

Usiku wa daftari

Januari 2022, watoto wakiwa wamelala, tuliketi chini na daftari la shule. Tulikubaliana kila mtu aandike kila anachodaiwa, bila kuficha. Hapo ndipo tulipogombana. Yeye alidhani tunadaiwa dukani 5,000, kumbe mimi nilikuwa nimefikisha 17,800 na sikumwambia. Na mimi nilijua mikopo miwili ya simu, kumbe alikuwa na wa tatu. Tulinyamaza muda mrefu usiku ule. Lakini mwishowe orodha ilikamilika:

Sacco ya kazini kwake kwa zamani: 146,000.
Wifi yangu anayefanya kazi Muscat: 60,000.
Shailoki: 40,000.
Karo ya kijana wetu wa sekondari: 31,000.
Mikopo mitatu ya simu: 23,500.
Duka la mtaani: 17,800.
Kodi ya nyumba ya miezi miwili: 14,000.

Jumla: 332,300.

Mpaka siku ile tulikuwa tukimlipa anayepiga kelele zaidi. Wadhamini wa mume wangu wa sacco walipopiga simu kulalamika kwamba akiba zao zitakatwa, tulituma chochote. Tuliposikia wifi amemlalamikia shangazi, tulikimbilia kumtumia 5,000 kwa aibu, kisha wiki hiyo hiyo tukakopa kwenye simu ili tununue unga.

Binti yangu mkubwa, anayependa hesabu, ndiye aliyetuuliza swali lililotufungua macho: "Mama, kila deni linakula ngapi kwa mwezi?"

Tukaongeza safu ya pili kwenye daftari. Sacco ilikuwa ikitoza asilimia 1 kwa mwezi ya salio, yaani 1,460. Mikopo ya simu ilikuwa na ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30, kama 1,760 kwa yote mitatu. Asilimia 7.5 yaonekana ndogo, lakini ukikopa na kukopa tena mwaka mzima inafika asilimia 90. Wifi, duka, shule na mwenye nyumba: sufuri. Shailoki: 8,000.

Deni la 40,000 lilikuwa likila zaidi ya mara tano ya deni la 146,000. Na hapo ndipo yalipozaliwa yale mengine. Matumizi yetu ya lazima yalikuwa 25,300 kwa mwezi: chakula 12,000, kodi 7,000, gesi na makaa 1,800, maji ya mkokoteni 1,500, nauli na mahitaji ya shule 1,500, stima 1,000 na NHIF 500. Tulikuwa tunabakiwa na 3,300. Ukitoa 8,000 za shailoki, tulipungukiwa 4,700 kila mwezi, na pengo hilo lilizibwa na duka, simu, karo na kodi.

Bangili

Deni la namna ile halilipwi kidogo kidogo, kwa sababu kile kidogo chote huishia kwenye riba. Lazima likatwe shina kwa mara moja. Kitu pekee cha kuuza kilikuwa bangili zangu mbili za dhahabu, alizonivisha mama siku ya harusi. Mume wangu alikataa. Mimi pia nilikataa kwa wiki nzima. Kisha nikamwambia, "Baba watoto, bangili ni zangu na kiwanja ni cha watoto. Nitavua."

Sonara alinipa 46,000. Tulimwendea shailoki na 40,000 mkononi na shahidi mmoja, mzee wa mtaa. Tulimwomba asitoze riba ya mwezi ule kwa kuwa tunamaliza. Alinung'unika, akakubali. Tulidai karatasi zetu za kiwanja pale pale, pamoja na maandishi kwamba hatudaiwi. Usitoke kwa mkopeshaji bila maandishi.

Ile 6,000 iliyobaki ilituhamisha. Tulitoka nyumba ya 7,000 Bamburi tukaenda nyumba ya Kiswahili Mishomoroni, vyumba viwili, choo cha kushirikiana, kodi 4,500. Mwezi wa kwanza tukalipa 4,500, mkokoteni wa vyombo 1,500. Mwenye nyumba wa zamani alichukua dipoziti yetu ya 7,000 na kukubali tulipe iliyobaki 1,000 kila mwezi.

Kuongea kabla ya kutafutwa

Wadai wengi huogopa kupoteza pesa yote kuliko wanavyoogopa kungoja. Kwa hivyo tuliwaendea wenyewe.

Sacco walituomba barua ya kueleza mapato yetu. Wakaupanga upya mkopo kuwa wa miezi 48, malipo 3,850 kwa mwezi. Nieleze wazi, kurefusha muda si bure. Kwa miezi 48 tunalipa riba ya kama 38,800. Kwa miezi 24 ingekuwa karibu nusu ya hiyo. Lakini miezi 24 ingetaka takriban 6,870 kila mwezi, nasi tungeshindwa na kurudi kwenye simu. Tulichagua malipo tunayoyaweza.

Mwenye duka nilimwendea saa ya alasiri, dukani pakiwa kitupu. Nikamwambia, "Ami, sitakuja tena na daftari la mkopo. Nitakulipa 1,000 kila mwezi, na ninachonunua leo nalipa taslimu." Akaniambia, "Mama, ungeniambia mwaka jana nisingekuwa nakuchungulia kila ukipita." Mkuu wa shule alikubali tuanze kulipa karo ya nyuma katikati ya mwaka. Wifi nilimpigia mwenyewe badala ya kumwachia kakake. Nilimwambia atakuwa wa mwisho kwa sababu deni lake ndilo lisilo na riba, na nikamwomba radhi kwa hilo. Alilia kidogo, kisha akasema alichotaka ni kuambiwa ukweli tu.

Makopo matatu

Vitabu vingi vya kupanga pesa vimeandikiwa mtu wa mshahara. Sisi riziki yetu huja kila siku, lakini madeni huja kila mwezi. Ukisubiri tarehe 30, pesa haipo. Kwa hivyo tunagawa kila jioni.

Niliongeza viazi vya karai na bajia saa za jioni, faida ya 200. Siku ya kawaida ikawa 1,300. Baada ya kuhama, matumizi yalishuka hadi 22,800. Tukaweka makopo matatu ya maziwa:

La jikoni, 460. Hili hujazwa kwanza, na limepigwa hesabu ili Jumapili pia tule.
La kodi na bili, 415: kodi, maji, stima, gesi, shule, na NHIF ya wakati ule.
La madeni, 425.

Wengine waliniona mjinga kutanguliza chakula kabla ya deni. Lakini ukilipa deni kwa pesa ya unga, kesho utakopa unga, tena kwa bei ghali. Jiko likishiba, huna sababu ya kufungua simu usiku kutafuta mkopo.

Kopo la madeni lilitoa 11,000 kwa mwezi. Sacco 3,850, mwenye nyumba 1,000, duka 1,000, na 1,000 ya dharura ambayo niliipeleka kwa mweka hazina wa chama chetu cha kina mama ili isiwe karibu na mkono wangu. Iliyobaki, 4,150, yote ilikwenda kwenye mikopo ya simu, tukianza na wenye ada kubwa. Kila deni lilipoisha, malipo yake yalihamia kwenye linalofuata.

Kuna jambo jingine lililotupotezea pesa bila kujua. Watoto walikuwa wakila mahamri ya biashara, na mafuta ya biashara yalikuwa yakipikia mchuzi wa nyumbani. Sasa kila kinachotoka kwenye biashara kuingia jikoni kinalipwa kutoka kopo la jikoni. Hapo ndipo nilipojua faida yangu halisi.

Na michango. Huku kwetu huwezi kukataa harusi wala matanga. Tulijiwekea 200 kwa kila mwaliko, na mimi hujitolea mikono: kumenya vitunguu, kupika, kuosha masufuria. Hakuna aliyenicheka usoni.

Haki zako unapodaiwa

Kabla ya kumaliza mikopo ya simu, wakala wa mkopeshaji mmoja aliwapigia wateja wangu wa mahamri akiwaambia mimi ni mwizi. Machi 2022 zilitolewa kanuni za Benki Kuu ya Kenya kuhusu wakopeshaji wa kidijitali. Zinamkataza mkopeshaji kutisha, kutukana, au kuwapigia watu walio kwenye orodha yako ya simu kwa ajili ya deni lako. Ikikutokea, hifadhi ujumbe na namba, na upeleke malalamiko Benki Kuu. Deni bado utalipa, lakini utalipa kwa heshima.

Kwa walioajiriwa, Sheria ya Ajira ya 2007 inasema makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili za mshahara. Theluthi moja lazima ikufikie mkononi.

Na ikibidi kukopa, linganisha bei. Hazina ya Hustler, iliyoanza Novemba 2022, hutoza mkopo wa mtu binafsi asilimia 8 kwa mwaka, ingawa unatakiwa kurudishwa ndani ya siku 14. Usiuchukue kununua sherehe.

Tulipoteleza

Mambo hayakwenda sawa kila mwezi. Katikati ya 2022 pakiti ya unga ya kilo 2 ilipita shilingi 200, na kopo la jikoni likawa halitoshi. Tulipunguza malipo ya duka hadi 500 kwa miezi mitatu, tukamwambia Ami mapema. Kila Ramadhani mauzo ya mahamri ya asubuhi hukatika, nami huhamia bajia na kaimati za futari. Sikukuu ya kwanza watoto walivaa nguo za mwaka uliopita, na mdogo alilia. Mwaka 2023 huyo huyo akalazwa kwa malaria, na 4,000 za dharura kutoka chamani zikamaliza mambo bila kukopa. Siku ile ndipo mume wangu aliacha kuniuliza kwa nini naweka dharura wakati bado tunadaiwa.

Ninapoandika haya yamebaki malipo 7 ya sacco na 20,000 za wifi. Bangili sijanunua tena, na sina haraka. Karatasi za kiwanja ziko sandukuni.

Msomaji, kama unadaiwa, leo usiku chukua daftari. Andika madeni yote, na mwenzako aandike yake. Kando ya kila moja, andika linakula ngapi kwa mwezi. Utakaloliona hapo huenda likawa tofauti na lile linalokukosesha usingizi.